Jumamosi Sita za Ngong Road: Je, Kozi ya Utafiti Inamfaa Afisa wa Ustawi wa Jamii?

Nilipolipa shilingi 12,000 za kozi hii ya utafiti, mwenzangu wa ofisini alinicheka waziwazi. Katika kazi yetu watu wamezoea warsha zinazowalipa washiriki, si washiriki wanaozilipia warsha, na aliposikia kwamba hakuna posho wala nauli, na kwamba Jumamosi sita zitakatwa kwenye mapumziko yangu mwenyewe, aliniuliza kama nimekosa la kufanya. Swali lake ndilo lililonifanya nifungue daftari. Kila Jumamosi niliandika tulichofundishwa, na kila Jumatatu iliyofuata niliandika kama kuna jambo lolote nililolifanya kwa namna tofauti nilipofika kazini. Tathmini hii inatokana na daftari hilo. Waandaaji sitawataja, kwa kuwa baadhi ya ninayoyasema hayawasifu, na kwa kuwa kozi za namna hii zimekuwa nyingi mjini na hazitofautiani sana.

Kozi inawalenga wanaokutana na watu uso kwa uso: maafisa wa ustawi wa jamii katika mashirika, maafisa wa watoto, wasimamizi wa makao ya watoto na washauri nasaha. Tulikuwa ishirini na wawili katika ukumbi wa ghorofa ya pili kando ya Ngong Road. Mimi nimefanya kazi na familia za Mukuru, Nairobi, na mitaa jirani kwa miaka 11, na kilichonipeleka huko ni Mkakati wa Kitaifa wa Mageuzi ya Malezi ya Watoto wa 2022 hadi 2032, ambao umetugeuzia kazi. Zamani tulitafuta nafasi za watoto makaoni; sasa tunawatoa makaoni na kuwarudisha kwenye familia, na Sheria ya Watoto ya 2022 imetupa njia zaidi za malezi mbadala, kafala, yaani kumlea mtoto wa mwingine kwa misingi ya Kiislamu, ikiwa mojawapo. Hakimu anaponiuliza kwa nini napendekeza mtoto arudi kwa bibi yake badala ya kubaki alipo, nimekuwa nikijibu kwamba uzoefu unaonyesha hivyo. Uzoefu wa nani, na umeonyesha nini hasa, sikuwahi kuulizwa, na sikuwahi kujiuliza.

Jumamosi ya kwanza ilikuwa ya historia, na nusu yake ingeweza kuachwa. Tulipitishwa haraka kwa Mary Richmond na kazi yake ya mwaka 1917 iliyojaribu kuipa kazi yetu utaratibu wa kukusanya taarifa kabla ya kuamua, kisha kwa Joel Fischer, ambaye mwaka 1973 aliuliza kama kuhudumia watu mmoja mmoja kunaleta mabadiliko yoyote, akawaudhi wengi kwa kujibu kwamba hakuona dalili za kutosha. Slaidi zilikuwa na maandishi madogo, na aliyekaa nyuma hakuambulia kitu.

Kisa kimoja tu kiliukomboa mchana huo. Kati ya mwaka 1939 na 1945, huko Massachusetts, wavulana 506 waligawanywa katika makundi mawili kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipewa karibu kila kitu ambacho ofisi yangu ingependa kumpa mtoto: mshauri wa kumtembelea nyumbani, masomo ya ziada, matibabu, kambi za likizo. Kundi la pili liliachwa kama lilivyokuwa. Miaka thelathini baadaye mtafiti Joan McCord aliwatafuta wanaume hao, na mwaka 1978 akachapisha alichokipata. Waliosaidiwa hawakuwa wamewashinda wenzao hata kwa kipimo kimoja, na kwa vipimo kadhaa, ikiwemo ulevi, kurudia uhalifu na kufa mapema, walikuwa wamefanya vibaya zaidi. Wengi wao, hata hivyo, waliukumbuka mradi kwa wema na kusema uliwasaidia.

Ukumbi ulinyamaza, kwa sababu karibu sote tunaishi kwa fomu ambayo swali lake la mwisho ni kama mteja ameridhika na huduma. Jumatatu yake nilizitazama fomu hizo zilizorundikana kabatini na sikujua nizifanyie nini. Daftari langu la siku hiyo lina neno moja tu: fomu.

Kama ningeombwa kuhifadhi siku moja na kuziacha tano, ningeihifadhi Jumamosi ya pili. Mwezeshaji, mwanamke wa makamo ambaye ni dhahiri amewahi kuzikanyaga njia za mitaa ya mabati wakati wa masika, alitutaka tuje kila mmoja na faili moja lililofutwa majina. Alitupa maswali manne: ni nani huyu, tunamfanyia nini, badala ya nini, na tunatarajia kitu gani kibadilike. Nilidhani ni zoezi la nusu saa. Lilichukua siku nzima, na bado baadhi yetu hatukulimaliza.

Faili langu lilikuwa la mtoto wa miaka tisa aliyerudi kwa bibi yake baada ya kukaa makaoni zaidi ya miaka miwili. Nimebadilisha mambo kadhaa hapa ili familia isitambulike. Swali nililoingia nalo asubuhi lilikuwa: je, ushauri nasaha unasaidia? Kufikia saa kumi jioni lilikuwa limegeuka hivi: kwa mtoto wa umri huu anayerudi kwa jamaa baada ya kukaa makaoni muda mrefu, je, kumtembelea kila wiki katika miezi mitatu ya kwanza, badala ya mara moja kwa mwezi kama tunavyofanya, kunapunguza uwezekano wa kurejea makaoni au kuingia mtaani? Swali la kwanza halina jibu kwa sababu halijui linauliza nini. La pili mtu anaweza kulitafutia jibu katika maandishi ya wengine, na asipolipata, anaweza kulitafuta katika kabati lake mwenyewe.

Kilichotutesa wengi ni swali la tatu, badala ya nini. Mshiriki mmoja alieleza kwa fahari kwamba dhuluma za kingono dhidi ya wasichana zimepungua nchini tangu shirika lake lianze kazi, na takwimu alizozitaja ni za kweli: uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2010 ulikuta kwamba kama asilimia 32 ya wanawake wa miaka 18 hadi 24 walidhulumiwa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, na ule wa mwaka 2019 ukakuta asilimia 15.6. Mwezeshaji alimuuliza kwa upole kama kaunti ambazo shirika lake halijawahi kufika zilibaki pale pale. Hakuwa na jibu. Nami sikuwa nalo kwa miradi yangu, kwa hiyo sikumcheka.

Jumatatu iliyofuata nilikwenda kwenye kabati. Nilitaka tu kujua, kati ya watoto tuliowarudisha nyumbani katika miaka mitatu, ni wangapi walitembelewa mara ngapi na wako wapi sasa. Nilikuta maelezo marefu na mazuri ya hali ya chumba, ya mama, ya jirani, ya godoro. Tarehe za ziara zilikuwa zimeandikwa katika faili moja kati ya matatu, na neno lililotumika kufunga faili lilikuwa “imekamilika”, likimaanisha mara nyingine kwamba mtoto anaendelea vizuri, mara nyingine kwamba familia imehama na hatujui ilipo. Miaka 11 nilikuwa nimekalia majibu ambayo hayakuandikwa kwa namna ya kujibu chochote. Kwa ugunduzi huo peke yake shilingi 12,000 zilikuwa zimerudi.

Jumamosi ya tatu ilihusu kutafuta na kusoma tafiti, na hapa ndipo kozi ilipojikwaa. Intaneti ya ukumbi ilikatika mara tatu kabla ya chai, na tukaishia kutumia bando za simu zetu. Hilo ningelisamehe. Nisilolisamehe ni hili: tulipewa nenosiri la maktaba ya kidijitali yenye majarida ambayo kwa kawaida hulipiwa, tukafundishwa kwa bidii jinsi ya kuyapekua, halafu mwisho wa siku tukaambiwa kwamba nenosiri litakufa kozi itakapokwisha. Ni sawa na kumfundisha mtu kupika kwa jiko la gesi huku ukijua kwamba mtungi utaondoka naye fundi. Ingefaa siku ile itumike zaidi kwa yale ambayo yako wazi kwa kila mtu, hasa mapitio ya Campbell Collaboration, taasisi iliyoanzishwa mwaka 2000 kukusanya na kupima tafiti za masuala ya jamii kama vile Cochrane inavyofanya kwa tiba. Mapitio hayo husomwa bure, na yana muhtasari ambao afisa aliyechoka anaweza kuumaliza ndani ya matatu kabla hajafika Industrial Area.

Mapitio moja ndiyo tuliyoyasoma vizuri, na yalinichoma. Wachunguzi walikusanya majaribio tisa ya Marekani ambamo vijana wakorofi, au waliodhaniwa kuelekea huko, walipelekwa gerezani kutembezwa na kutishwa ili waache. Yalipojumlishwa, vijana waliopelekwa walitenda makosa zaidi kuliko wale walioachwa bila kufanyiwa lolote. Miaka kadhaa iliyopita nilipanga safari ya namna hiyo kwa wavulana wa mtaani kwetu, na nakumbuka jinsi wazazi walivyonishukuru. Siwezi kusema kwamba kijana fulani aliharibika kwa sababu yangu. Sina kumbukumbu ya kunionyesha hivyo wala ya kunionyesha vinginevyo, na hapo ndipo uchungu ulipo.

Jumamosi ya nne ndiyo iliyokuwa na nyama nyingi kuliko zote, na kwa sababu nisizozielewa ilipewa mchana mmoja tu, asubuhi ikiwa imeliwa na hotuba ya mgeni wa heshima. Mada ilikuwa kama utafiti uliofanywa kwa watu wengine unaweza kuvukishwa ukawafaa watu wetu. Mfano wa kwanza ulikuwa wa Bucharest, Romania, ambako watoto wadogo 136 waliokuwa wakilelewa katika taasisi walifuatiliwa kuanzia miaka ya 2000, nusu yao wakiwa wamepelekwa kwa bahati nasibu katika familia za malezi ya muda. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha kwamba waliopelekwa kwenye familia walikua kiakili kuliko waliobaki, na kwamba waliotoka mapema, kabla ya kufika miaka miwili hivi, walinufaika zaidi. Sote tumewahi kuusikia utafiti huu ukitajwa mikutanoni kama hoja ya kufunga makao.

Mwezeshaji alitusomesha sehemu ambayo mikutanoni haisomwi: familia zile zililipwa, na zilikuwa na maafisa wa ustawi wa jamii waliozitembelea na kuzishauri mara kwa mara. Bibi wa faili langu halipwi na mtu yeyote. Anauza mboga, analala na wajukuu watatu katika chumba kimoja, na afisa wake, ambaye ni mimi, humfikia mara moja kwa mwezi barabara ikiruhusu. Nikisimama mbele ya hakimu na kuitaja Bucharest bila kutaja mishahara na ziara zile, nitakuwa nimechukua nusu ya utafiti na kuiacha nusu iliyoufanya ufaulu.

Mfano wa pili ulitoka karibu zaidi. Friendship Bench ya Harare, iliyoanzishwa na Dixon Chibanda mwaka 2006, huwaketisha kina mama wazee wa mtaa kwenye benchi nje ya kliniki kuwasikiliza watu waliolemewa na mawazo na kuwasaidia kutatua tatizo moja baada ya jingine. Mwaka 2016 yalichapishwa majaribio yaliyofanywa katika kliniki 24 za jiji hilo, na waliopitia kwenye benchi walikuwa na nafuu kubwa baada ya miezi sita. Nililolipenda ni kwamba hawakuanza na jina la ugonjwa lililotoka kwingine. Walianza na neno la Kishona, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, ambalo mgonjwa analifahamu kabla hajakutana na daktari.

Fedha za kaya zenye yatima, ambazo sasa ziko chini ya Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa fedha wasiojiweza, zilipewa dakika ishirini. Huo ni upungufu, maana huo ndio mfano wetu wenyewe. Mradi ulianza mwaka 2004 kwa majaribio ya kaya 500 katika Kwale, Garissa na Nairobi, ukapimwa rasmi kati ya 2007 na 2009 kwa kulinganisha kaya zilizopokea na zisizopokea, na matokeo hayo yakasaidia kuutetea ulipokuwa ukipanuliwa. Baadaye watafiti waliowafuatilia vijana wa kaya zile wakakuta kwamba waliotoka katika kaya zilizopokea fedha walichelewa zaidi kuanza ngono, jambo ambalo fedha zile hazikukusudiwa kulileta. Mshiriki aliyehudumu kama mjitolea wakati wa usajili wa awali alikuwa ukumbini na alikuwa na mengi ya kusema, lakini muda ulikuwa umekwisha.

Hapa niseme neno kuhusu lugha, kwa sababu ndilo lalamiko langu kubwa baada ya lile la nenosiri. Kila karatasi tuliyopewa ilikuwa ya Kiingereza, ilhali hakuna hata mmoja wetu anayezungumza na wateja wake kwa Kiingereza. Wengine watasema kwamba afisa msomi anaweza kujitafsiria. Jaribu. Mwambie mama wa Mukuru kwamba umekuja kufanya uchunguzi, naye atafikiria polisi au hospitali. Mwambie unatafuta ushahidi, atakuuliza kesi ni ya nani, na mlango utafungwa kwa adabu. Sisi wenyewe huwaita watu hawa kesi, na kisha tunashangaa wanapotuogopa. Katika kundi letu dogo tulipoteza saa nzima tukitafuta namna ya kueleza kundi la kulinganishia bila kumfanya mtu aone kwamba amenyimwa msaada makusudi, na tulipolipata neno la kufaa hakuna aliyeliandika popote, kwa kuwa karatasi haikuwa na nafasi yake. Kazi hiyo ingekuwa kiini cha kozi. Ilifanyika kando, kama mambo ya chai.

Jumamosi ya tano, ya maadili, ilikuwa nzuri kwa nusu. Masharti ya kibali cha NACOSTI, tume ya taifa inayosimamia utafiti, na idhini ya kamati za maadili yalielezwa kwa usahihi, ingawa kwa sauti ya kusoma risala. Mjadala ulichangamka tulipofika kwenye kuwarudishia watu majibu. Tulikumbushwa kwamba Korogocho na Viwandani kuna kaya ambazo taasisi ya utafiti ya APHRC ilianza kuzifuatilia mwaka 2002, na kwamba ufuatiliaji mrefu kama huo ndio unaotuwezesha kujua jinsi watu wa mitaa hii wanavyozaliwa, wanavyougua na wanavyohama. Malalamiko yetu yaliwaangukia wengine, yaani wanafunzi wa shahada na miradi ya miezi mitatu inayoingia na hojaji ya kurasa ishirini na kutoweka, na tulikubaliana, pasipo raha, kwamba ofisi zetu wenyewe zimo katika orodha hiyo. Kila robo mwaka tunazihoji familia kwa ajili ya ripoti ya wafadhili. Sikumbuki hata familia moja iliyowahi kusomewa ripoti hiyo.

Jumamosi ya sita ilikuwa ya kuwasilisha kazi na kupokea vyeti. Nilichokikosa ni wasimamizi wetu. Mimi naweza kutoka na swali zuri, lakini anayeamua kama nitatembelea kila wiki au kila mwezi, na fomu itakuwa na safu gani, si mimi. Waandaaji wangewaalika wasimamizi hata kwa asubuhi moja ile ya mwisho, mengi yasingekwama.

Mengine kwa ufupi. Chai na mandazi vilikuwa vizuri, chakula cha mchana kilitosha, vipindi vilianza kwa wakati. Lifti haikufanya kazi kwa Jumamosi zote sita, na mshiriki mwenzetu anayetumia kiti cha magurudumu alibebwa na wanaume wanne kupanda ngazi kila asubuhi na kushuka kila jioni, katika kozi iliyojaa maafisa wa ustawi wa jamii, na hakuna aliyehamisha darasa chini ambako kulikuwa na chumba kitupu. Tulilisema Jumamosi ya pili. Tukaahidiwa.

Anayetaka cheti cha kupandia cheo aende, atakipata. Mwenye shahada ya uzamili aliyewahi kuandika tasnifu atachoka siku ya kwanza na ya tatu, ila ya pili bado itamfaa. Afisa mpya, aliye na faili kumi tu na ambaye bado hajazoea kuandika “imekamilika”, ndiye ningemlipia kwa fedha zangu.

Nenosiri lilizimwa Jumatatu ya sita, saa tatu asubuhi, nikiwa katikati ya kusoma. Siku hiyo hiyo nilikwenda kwa yule bibi na karatasi moja ya Kiswahili niliyoiandika mwenyewe, yenye tarehe za ziara zangu zote na nilichosema kwamba nimekiona kila mara, nikamsomea akiwa anachambua sukuma. Alinisahihisha mahali pawili: ziara moja niliyoiandika haikufanyika, kwani siku hiyo nilipiga simu tu, na ile ambayo niliandika kwamba mtoto ametulia, mtoto alikuwa amelala kwa homa. Nilisahihisha palepale. Kisha akauliza kama karatasi hiyo itabaki kwake au naondoka nayo.

Nilimwachia. Sasa nazitoa nakala mbili.